MAFUTA YAKIMWAGIKA ZIWANI: MPANGO UWE TAYARI KABLA YA AJALI



Katika mikutano ya matawi yetu, kuanzia mashamba ya michikichi ya Rumonge hadi viwanda vya kukamua mawese na gati za kupakulia mizigo, liko swali linaloulizwa mara kwa mara: "Habari za mafuta kumwagika ziwani zinatuhusu nini sisi? Hiyo si kazi ya wenye meli na serikali?" Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Tena inaeleza mpango wa dharura ni kitu gani, unatengenezwa namna gani, na mfanyakazi anasimama wapi katika mpango huo.

Jibu fupi ni hili. Siku mafuta yatakapomwagika, wa kwanza kuyaona hatakuwa waziri wala mkurugenzi. Atakuwa mpakizi mwenye gunia begani, au mvuvi anayerudi alfajiri, au mama anayeanika ndagala mchangani. Na atakayeambiwa aingie majini na ndoo kuyakusanya ni mtu wa namna hiyo hiyo, mara nyingi kibarua wa kutwa asiye na glavu wala viatu. Basi mpango ukiandikwa bila sisi, utaandikwa juu ya migongo yetu.

ZIWA SI MTO

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Maji yake hutoka kwa njia moja tu, yaani mto Lukuga karibu na Kalemie, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayopungua hupaa hewani kwa jua. Kwa sababu hiyo maji ya ziwa hili hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilishwa. Mtu akimwaga uchafu mtoni, mto huuchukua. Akimwaga katika ziwa hili, amemwaga ndani ya mtungi wake mwenyewe.

Na mtungi huo ndio tunaounywa. Mji wa Bujumbura hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka ziwani. Katika vijiji vingi vya pwani wananchi huchota maji moja kwa moja. Humo ndimo wanamotoka ndagala na mukeke, ambao ni kitoweo cha mfanyakazi wa kiwandani na wa shambani. Ndagala wakikosekana sokoni Rumonge, mshahara wako unapungua nguvu hata kama mwajiri hakukukata faranga moja.

HATARI INATOKA WAPI

Wengine hudhani hatari ni meli kubwa tu. Meli zipo, tena zinabeba mafuta. Kule Kigoma iko meli ya mafuta ya MT Sangara, mali ya serikali ya Tanzania, iliyojengwa kwa kazi hiyo. Na kila meli ya mizigo itokayo Kigoma au Mpulungu hubeba mazutu ya kuendeshea injini yake, hata kama shehena yake ni saruji au sukari.

Lakini tuangalie na yaliyo karibu yetu. Barabara ya Taifa namba 3 inatoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, na mahali pengi inaambaa na ufuko. Lori la mafuta huweza kubeba lita 30,000 na zaidi. Likipinduka mahali milima inapobana barabara, mafuta hayana safari ndefu kufika majini.

Tena wakati wa uhaba wa mafuta uliotupata tangu mwaka 2021, bidoni nyingi za petroli zilivushwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo na kuwekwa majumbani. Hatuandiki haya ili kumshtaki mtu anayetafuta riziki. Tunaandika kwa sababu mtumbwi wenye bidoni kumi za lita 20 umebeba pipa zima la lita 200, na mtumbwi hupinduka kwa wimbi moja.

Halafu yako mawese yetu wenyewe. Mawese ni chakula, lakini yakimwagika majini kwa wingi nayo ni balaa. Hayapai hewani kama petroli. Hugandamana mabonge mabonge, huganda kwenye nyavu na kwenye matete, na yanapooza hula hewa ambayo samaki wanaihitaji majini. Maji machafu ya kiwanda cha kukamulia yana madhara ya namna hiyo.

Mwisho, tukumbuke mafuriko. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakaingia bandari ya Bujumbura na mitaa ya pwani ya Rumonge kama Kanyenkoko. Pipa lililokuwa mahali pakavu linaweza kujikuta linaelea. Kwa hiyo ghala la mafuta halipangwi kwa kutazama ufuko wa leo tu. Lazima kutazama pia mahali maji yalipofika mwaka ule.

MAFUTA SI YA NAMNA MOJA

Hili ni jambo la kwanza ambalo kila mfanyakazi wa bandari na kiwanda anapaswa kulijua, maana kosa hapa linaua.

Petroli hupaa upesi, lakini moshi wake usioonekana ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kukaa katika mitaro, mashimo na sakafu za mitumbwi. Cheche moja ya injini, sigara au taa huuwasha, hata ikiwa mbali na mahali yalipomwagika. Petroli ikimwagika, usijaribu kuizingira wala kuikusanya. Ondoa watu, zima moto na injini zote, zuia njia, acha ipae.

Mazutu hayawaki kwa urahisi kama petroli, lakini hukaa juu ya maji kwa muda mrefu zaidi. Hayo yanaweza kuzingirwa na kukusanywa.

Mafuta mazito ya meli, oili chafu ya injini, na mawese hukaa kabisa. Hushika mchanga, mawe, ndege na nyavu. Kazi yake ni ya siku nyingi, na inataka watu wengi wenye vifaa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Nani anakwenda kuchota?" Swali la kwanza ni "Ni mafuta gani haya?"

YANAVYOTEMBEA

Tufanye hesabu kidogo. Mafuta mepesi husambaa juu ya maji mpaka yanakuwa utando mwembamba kuliko karatasi. Utando ukiwa na unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, lita moja hufunika mita za mraba 1,000. Bidoni moja ya lita 20 hufunika hekta 2, karibu viwanja vitatu vya mpira. Pipa la lita 200 hufunika hekta 20. Ndiyo sababu dakika za mwanzo zina thamani kuliko siku zinazofuata: mafuta yakiwa bado gatini unayazuia kwa magunia, lakini yakishatandaa huyafikii hata kwa meli.

Utando huo husukumwa na mkondo wa maji na upepo. Mabaharia wana kanuni yao: mafuta hufuata upepo kwa mwendo wa sehemu 3 hivi katika 100 za mwendo wa upepo wenyewe. Upepo ukivuma kilomita 20 kwa saa, mafuta hutembea mita 600 kwa saa. Tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi yatakuwa yamekwenda zaidi ya kilomita 7.

Yanakwenda wapi? Wavuvi wetu wanajua kuliko vitabu. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Mafuta yakimwagika Rumonge majira hayo, watu wa Minago na Magara yafaa waambiwe mapema. Majira mengine upepo hubadilika, na upepo wa usiku utokao milimani si ule wa mchana utokao ziwani. Mpango mzuri unaandika mambo hayo yote, na anayeweza kuyasema ni mvuvi. Aitwe kwenye kikao.

WENZETU WALIPATIKANA NA NINI

Tarehe 2 Julai 2010, katika mji wa Sange, bonde la Rusizi upande wa Kongo, lori la mafuta lilipinduka. Petroli ilitiririka, watu wakaja na ndoo na mabakuli kuchota. Moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 230, wengine wakiwa hata hawakuja kuchota, bali walikuwa jirani wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Mwezi wa Septemba 2011 jambo kama hilo lilitokea Sinai, Nairobi, petroli ilipovuja kutoka kwenye bomba. Mwezi wa Agosti 2019 likatokea tena Morogoro, Tanzania, ambako walikufa zaidi ya 100. Mara zote tatu miongoni mwa waliokufa walikuwamo maskini wanaotafuta lita chache. Tusiwacheke. Umaskini ndio uliowapeleka. Lakini tuseme wazi kwa watoto wetu na jirani zetu: petroli iliyomwagika si bahati, ni kaburi lililo wazi.

Mfano mwingine ni wa Morisi. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba karibu na ufuko. Mafuta yalianza kuvuja tarehe 6 Agosti, siku 12 baadaye, na tani 1,000 hivi zikaingia baharini. Watu wengi waliuliza zile siku 12 zilitumikaje. Wananchi hawakungoja. Walishona vizuizi vya kuelea kwa majani na makapi ya miwa kutoka mashambani, wakavitandaza baharini. Yaani mali ghafi ya shamba iligeuka silaha ya kulinda pwani. Sisi wa michikichi tuna nyuzi za chikichi na makapi ya mikungu. Tuna na pumba za mpunga wa Imbo.

Na mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, yakaua mikoko. Mti hufa siku chache, lakini kuurudisha ni kazi ya miaka mingi. Matete ya midomo ya mito yetu, kama mto Murembwe, ambamo samaki wadogo hujificha, yangepatwa na mambo hayo hayo.

MPANGO WA DHARURA NI KITU GANI

Mpango si kitabu kikubwa cha kufungiwa kabatini. Ni majibu ya maswali saba, yaliyoandikwa katika lugha ambayo kila mtu kazini anaisoma, yakabandikwa ukutani.

Moja: Kuna mafuta gani, kiasi gani, na yako wapi? Kila tangi, kila pipa na kila mpira wa kupakulia huonyeshwa kwenye ramani, pamoja na koki ya kufungia. Tangi lizungushiwe ukuta unaoweza kuzuia mafuta yake yote likipasuka. Mtaro wa mvua uwe na mahali pa kuuziba.

Mbili: Nani anatoa habari, na anampa nani? Kila mfanyakazi awe na haki ya kupiga kengele bila kuomba ruhusa. Kibarua anayengoja msimamizi arudi kutoka kula amekwisha poteza lita elfu. Na asiwepo wa kuadhibiwa kwa kupiga kengele hata ikionekana baadaye kwamba haikuwa hatari.

Tatu: Nani anaamuru? Mtu mmoja, jina lake lijulikane, na wa badala yake ajulikane kwa zamu ya usiku. Wakubwa watatu wakitoa amri tatu, mafuta hufuata upepo.

Nne: Vifaa viko wapi? Mchanga, magunia, makoleo, ndoo, kamba, maboya ya nyavu, vizuizi vya kuelea, glavu, buti, miwani. Viwe karibu na gati, na ufunguo usiwe nyumbani kwa mtu.

Tano: Tunalinda nini kwanza? Si kila mahali pataokolewa. Kwanza maisha ya watu. Pili mahali pa kuchotea maji. Tatu midomo ya mito na matete. Nne mialo na mahali pa kuanikia ndagala. Utaratibu huo ukubaliwe mapema, maana siku ya ajali kila mmoja atavuta kwake.

Sita: Uchafu tutaupeleka wapi? Mchanga wenye mafuta na nyuzi zilizonyonya mafuta hazizikwi ufukoni wala kutupwa mtoni. Huwekwa katika mapipa, au shimo lililotandikwa turubai, mbali na maji, na kufunikwa mvua isiingie.

Saba: Nani anaandika? Saa, mahali, kiasi, majina ya waliofanya kazi, nyavu zilizoharibika, picha. Bila maandishi hakuna fidia.

Juu ya vizuizi vya kuelea tuongeze maneno machache. Gunia la nyuzi kavu hunyonya mafuta, lakini likilowa maji huzama, kwa hiyo lifungwe maboya na kubadilishwa mara kwa mara. Kwenye mdomo wa mto kizuizi huwekwa mshazari, si moja kwa moja, ili mafuta yasukumwe kandoni penye maji tulivu na kuchotwa hapo. Kwenye mawimbi makubwa hakifai. Na kamwe msimwage sabuni juu ya mafuta ili yasionekane. Sabuni huyavunjavunja yakazama mpaka kwa samaki na kwenye maji ya kunywa. Macho yatafurahi, lakini sumu itakuwa pale pale.

NGAZI TATU ZA MSAADA

Duniani kote mipango ya namna hii hupangwa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni ajali ndogo ambayo watu wa gati wanaimaliza wenyewe: pipa limeanguka, mpira umepasuka. Ya pili ni ile inayohitaji msaada wa bandari nyingine, zimamoto na wakuu wa nchi. Ya tatu ni ile inayovuka mipaka.

Kwa ngazi ya tatu tunao Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi na nchi zote nne Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mkataba huo ndio ulioanzisha Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake makuu yako Bujumbura. Unazitaka nchi zizuie uchafuzi na kushirikiana. Tena umeweka kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Kanuni hiyo tuishike sana. Aliyechafua ni mwenye mali na chombo. Si mpakizi aliyepewa mpira uliooza na kuambiwa autumie hivyo hivyo.

KAZI YA CHAMA

Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya kweli ya kuona hatari kubwa ya karibu kwa uhai wake anaweza kuondoka mahali hapo bila kuadhibiwa. Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza usalama kazini katika haki za msingi ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Kwa hiyo tunapodai glavu hatuombi zawadi.

Kila tawi lidai mambo haya kwa mwajiri wake, kwa barua na kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma:

– Mpango uonyeshwe kwa wafanyakazi. Kama upo, tuusome. Kama haupo, utengenezwe pamoja nasi.

– Mazoezi yafanyike angalau mara mbili kwa mwaka, moja wakati wa kiangazi na moja wakati wa mvua, na saa za mazoezi zilipwe kama saa za kazi.

– Vibarua wafundishwe na wapewe vifaa sawa na wenye ajira ya kudumu. Petroli haiulizi nani ana mkataba.

– Asiyefundishwa na asiye na vifaa asiingizwe katika kazi ya kukusanya mafuta. Anayefanya kazi hiyo apumzishwe mara kwa mara, apewe maji safi na sabuni ya kunawa, na akiumwa kichwa au kizunguzungu aondolewe mara moja na kupelekwa kwa mganga. Asinawe kwa petroli, maana inaunguza ngozi na kupenya mwilini.

– Kuwe na mjumbe wa wafanyakazi katika kila kikao cha usalama, pamoja na mjumbe wa wavuvi na wa akina mama wa ndagala.

Wako watakaosema gharama ni kubwa. Tuwaulize: magunia ya nyuzi za chikichi, ambazo kiwandani ni makapi, yanagharimu nini? Kubandika karatasi ukutani kunagharimu nini? Vitu vya bei kubwa vipo, na hivyo vitatafutwa na bandari na serikali. Lakini sehemu kubwa ya mpango ni akili, mazoezi na kujuana.

Basi wiki hii, kabla ya mkutano wa tawi, kila mwanachama afanye jambo moja dogo. Akiwa kazini atafute koki ya kufungia mafuta iko wapi, na amuulize msimamizi: ikipasuka usiku, nani anaitwa? Majibu yaletwe mkutanoni, hata kama jibu ni kimya. Katibu wa tawi ayaandike yote, na hayo ndiyo yatakayokuwa ukurasa wa kwanza wa mpango wetu.

Umoja ni nguvu.